Karoli na Ofa ya Beargrass

Mume wangu Karoli alianza kuipenda timu ya Beargrass kwa sababu ya masikio. Ilikuwa Januari yetu ya kwanza Louisville, baridi ya kukata, na kanisani walikuwa wamemwaga nguo za msaada juu ya meza. Mimi niligombania makoti ya watoto. Yeye akaokota kofia ya sufu, ya kijani na njano, yenye kichwa cha dubu mbele, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Dubu ni wa nani, hakujua wala hakuuliza. Ilifunika masikio yote mawili, basi.

Kesho yake kazini, kwenye bohari la karibu na uwanja wa ndege, Mmarekani mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimamisha foklifti yake, kile kigari cha kuinulia mizigo, katikati ya njia, akamnyooshea kidole na kupiga ukelele. Karoli akadhani kofia ni ya wizi na mwenyewe kapatikana. Kumbe dubu ni nembo ya Chuo cha Beargrass, chuo cha hapa hapa mjini, na yule mzee ameishabikia timu yao ya mpira tangu hajaota meno. Alishuka, akampiga Karoli begani, akamwuliza jina. Karoli alikuwa na miezi kumi humo ndani, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwuliza jina.

Nayasema haya mwanzo ili nimtendee haki, maana mengi yanayofuata hayatamfurahisha.

Mpira wenyewe si huu tunaoujua sisi. Ni ule wa Wamarekani, wa helmeti na mabega ya bandia, ambapo mtu mzima anabeba mpira kwapani na kukimbilia kwenye ukuta wa watu wanaotaka kumvunja. Karoli alijifunza wote. Jumamosi akawa na pa kwenda, Jumatatu akawa na la kuzungumza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kwa kila jambo, daktari, kodi, shule ya watoto, lakini ukimwuliza habari za Beargrass kilinyooka.

Wanaomwona leo na kofia yake hawajui kwamba Karoli alikuwa mtu mzito. Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Kigoma, Mtabila kwanza na baadaye Nyarugusu, na kambini Karoli alikuwa mshenga. Ukitaka mchumba, unamtafuta Karoli. Alijua ukoo gani haulewi hovyo, binti gani ana hasira, baba gani anapenda kusifiwa ng'ombe aliowaacha Burundi. Ndoa kumi na saba zilipita mikononi mwake na zote zimesimama, ukiacha ile ya Mukandoli, ambayo hata malaika asingeiokoa.

Kazi hiyo ina hatua zake. Ya kwanza tunaiita gufata irembo, yaani kushika lango. Upande wa mvulana unakwenda kwa kina binti na kinywaji. Baba wa binti akikipokea akanywa, akampa mshenga naye akanywa, lango limeshikwa. Kuanzia hapo mwanaume mwingine akibisha hodi anaambiwa arudi alikotoka, hata awe waziri. Na upande wa mvulana nao hauwezi kuamka asubuhi ukaenda kunywa kwa jirani. Karoli hakuwahi kuona lango lililoshikwa likaachwa wazi. Imani hiyo alipanda nayo ndege, pamoja na ule mfuko mweupe wa karatasi za wakimbizi.

Hapa hakuna aliyemhitaji mshenga. Vijana wanachumbiana kwa simu na kuachana kwa simu hiyo hiyo. Karoli akawa mpanga maboksi.

Kiangazi cha mwaka jana ndicho kilichotuharibia. Timu za vyuo hazisajili kama Simba na Yanga. Makocha wanazunguka shule za sekondari wakiwatongoza vijana wa mwaka wa mwisho: njoo kwetu, tutakusomesha, utatuchezea. Kijana akikubali anatamka neno, jina lake linaandikwa kwenye orodha, mpaka Desemba wanapotia sahihi. Mashabiki wanaisoma orodha hiyo kama matangazo ya vifo. Mwaka jana, Juni nzima, orodha ya Beargrass ilikuwa na majina manne. Timu nyingine zilikuwa na kumi na tano, na ishirini.

Kazini ikawa msiba. Yule mzee wa foklifti alikuwa akishika simu yake mezani wakati wa chakula na kutikisa kichwa. Wanne! Mstari wa mbele hakuna hata mmoja! Kocha anasema hana haraka, anachagua kwa makini. Anachagua nini, na wazuri wote wanaondoka? Karoli anarudi nyumbani ananisimulia yote hayo wakati mimi nimetoka kuwaogesha wazee tangu alfajiri kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mgongo unaniuma, na sufuria iko jikoni.

"Baba Aline," nilimwambia, "hao vijana ni wa mama zao. Kula."

"Wewe hujui," alisema. "Timu ikikosa vijana mwaka huu, miaka minne ijayo ni aibu tupu."

"Ni kama msichana aliyekaa bila kuposwa?"

"Ni hivyo hivyo!" Akaacha kijiko, macho yakamng'aa. Nilikuwa namtania. Laiti ningekaa kimya.

Kwa maana hapo ndipo alipomkumbuka Aksanti. Huyu ni mtoto wa Bisimwa na Nsimire, Wakongo wa Bukavu waliokuwa majirani zetu Louisville kabla ya kuhamia Reynoldsburg, huko Columbus, kufuata kazi za bohari. Karoli ndiye baba yake wa ubatizo. Alikuwa na miaka kumi na saba, mpole, mzito kama magunia mawili ya mahindi, na shuleni kwake alicheza mstari wa mbele, wale wanaosukumana ili mwenye mpira apite. Columbus ni mji wa timu moja, na chuo kikubwa cha kule kinataka vijana wanaofanana na milango. Aksanti alipungua urefu wa vidole viwili. Lakini kulikuwa na chuo kidogo cha Buffalo, kinaitwa Black Rock, ambacho kocha wake alishakwenda shuleni kwake mara mbili.

Bisimwa na Nsimire hawakuota mtoto awe nyota. Waliota asome. Mtoto alitaka kusomea uuguzi, na mpira ulikuwa mlango pekee wa kumsomesha bila mzigo ambao nyumba ile isingeubeba. Nataka hili lieleweke. Kwa Karoli lilikuwa jambo la timu. Kwao lilikuwa jambo la maisha ya mtoto.

Karoli akapiga simu Reynoldsburg, akaeleza kwamba Beargrass wana njaa ya mstari wa mbele na kwamba kuna siku ya majaribio, kijana yeyote anajiandikisha. Bisimwa hakubisha.

"Karoli, miye ile mupira yabo sielewake," alisema kwenye simu. "Bon, weye njo mwenye unajua. Kama unasema ni muzuri, ni muzuri."

Wakaja. Jua lilikuwa kali siku ile, vijana mia wanasukumana kwenye majani, na Aksanti aliwaangusha wale aliopangiwa mmoja baada ya mwingine kisha akawapa mkono kuwainua. Baada ya hapo kocha wa mstari wa mbele, kijana mwenye meno meupe na haraka nyingi, alituita ofisini. Tulikaa wanne kwenye makochi, Bisimwa, Karoli, mtoto na mimi. Wakamvalisha Aksanti jezi ya kijani, wakampiga picha, wakamvua. Kisha kocha akasema maneno yake kwa Kiingereza, na neno moja nililishika bila mkalimani: ofa.

Sisi tuliokulia Tanzania tunajua ofa ni nini. Mtu akikuambia "leo ofa yangu," chupa imeshafika mezani na imeshalipiwa, kazi yako ni kunywa. Hakuna atakayerudi baadaye kukupokonya glasi.

Na hapo, Mungu wangu, kocha akafungua friji dogo, akatoa chupa ya kinywaji cha wanamichezo, cha njano, akampa Bisimwa mkononi. Bisimwa jasho lilikuwa linamtiririka, nadhani kocha alimwonea huruma tu. Nilimwona Karoli akikaa sawa. Mgongo wake ulinyooka kama zamani kule kambini. Akamgusa Bisimwa goti.

"Kunywa," alimnong'oneza. "Hicho ni kinywaji cha lango."

Bisimwa akanywa. Akampa Karoli. Karoli akasimama, akainamisha kichwa kidogo kwa yule kocha, akanywa nusu nzima. Kocha akacheka na kusema kitu, labda alidhani wote tuna kiu. Chupa tupu Karoli hakuitupa. Aliiweka ndani ya koti, na nyumbani akaisimamisha juu ya rafu ya televisheni, karibu na picha ya harusi yetu.

Garini Aksanti alijaribu. Alisema kwa Kiingereza, kama wanavyosema wote siku hizi, polepole ili tumwelewe: kwamba ofa si ahadi. Makocha wanatoa ofa nyingi kuliko nafasi walizo nazo. Wanaita watu mia, wanachukua ishirini. Inabidi kumwuliza kocha kama ofa hii unaweza kuikubali leo, au ni ya kusubiri.

"Aksanti," Karoli alisema, "wakubwa wamekunywa."

Mtoto akanyamaza. Alilelewa vizuri, ndiyo kasoro yake. Na mimi niliyeketi nyuma naye nilinyamaza, ingawa maneno yake yaliniingia. Nilikuwa na usingizi, na nilikuwa nimemwona mume wangu akisimama wima kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii. Sikutaka kumkalisha.

Kesho yake Karoli alimwambia mzee wa foklifti kwamba mstari wa mbele umepatikana. Mzee alimkumbatia mbele ya watu.

Agosti tulisafiri sote kwenda Buffalo. Black Rock walimwalika Aksanti akague chuo, na Karoli akaja kwa sababu mdogo wake, Jovini, anaishi huko West Side, juu ya duka la vyakula Grant Street. Nakiri mimi chuo kile nilikipenda. Kilikuwa kidogo, matofali mekundu, upepo wa ziwa. Kocha wake alikuwa mzee wa tumbo, anatembea akichechemea, akatupeleka mwenyewe mpaka kwenye darasa la wauguzi, akamwonyesha mtoto vile vitanda vyenye wagonjwa wa plastiki. Aksanti alishika mkono wa mgonjwa mmoja wa plastiki akautafuta mshipa, na akacheka. Sijamwona akicheka vile tena.

Jioni tulikaa kwa Jovini, ugali na sombe, yaani kisamvu, mezani. Yule kocha alikuwa ametoa karatasi yenye muhuri wa chuo, imeandikwa kila kitu, na kuomba jibu kabla ya mwisho wa Septemba.

"Ule coach aliniuliza mutoto anakulaka nini," alisema Nsimire. "Anaumwaka wapi. Analalaka saa ngapi. Mutu mwenye anauliza vile, donc anamutaka kweli."

"Mama Aksanti, hatukatai kwamba ni mtu mwema," Karoli alijibu. "Lakini amechelewa. Lango limeshikwa."

Jovini akaweka tonge chini. "Kaka, limeshikwa na nani? Hawa wametoa karatasi. Wale wa Louisville wametoa nini?"

"Posa haiandikwi."

"Hapa kila kitu kinaandikwa! Hata mbwa ana karatasi. Ofa ya huku ni maulizo tu, kaka. Ni mtu anapita barabarani anauliza mchumba yupo?"

"Tumekunywa, Jovini. Wewe ulikuwepo kambini, unajua. Mtu anywe huku, kisha akanywe na kule? Tutaitwa watu gani?"

Bisimwa alikuwa anatazama sahani yake. Nilitaka aseme. Yeye ndiye baba. Lakini Karoli alikuwa amembatizia mtoto, alikuwa amemtafutia kazi ya kwanza walipofika, na ndiye aliyemkimbiza Nsimire hospitali kwa gari letu usiku wa uchungu wa mtoto wa pili. Mtu wa namna hiyo unamkatalia vipi mbele ya ugali? Bisimwa akamgeukia mtoto.

"Aksanti, weye unasema nini?"

Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama baba yake wa ubatizo, ambaye humwita Parrain. Sote tulijua anachokitaka. Mkono wake ulikuwa bado kama unatafuta mshipa.

"Vile Parrain atasema," alijibu kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chenyewe kilinichoma, maana hutumia lugha yetu akiwa anatii tu.

Mwisho wa Septemba alimwandikia mzee wa Buffalo kwamba ana shukrani lakini ameshapata pa kwenda. Karoli alikaa naye kwenye simu mpaka alipobonyeza kutuma.

Ahadi ni deni, husema waungwana, na Karoli alisubiri alipwe. Oktoba kocha wa meno meupe alijibu ujumbe wa Aksanti kwa alama ya dole gumba. Novemba hakujibu. Karoli alisema watu wa upande wa mvulana huwa kimya karibu na siku yenyewe, wanajitayarisha. Jina la Aksanti halikuwa kwenye orodha. Karoli alisema wanalificha lisiibwe. Kila pengo alikuwa na kiraka chake.

Siku ya kutia sahihi, Desemba, tuliendesha gari mpaka Reynoldsburg tangu asubuhi na mapema. Nsimire alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani. Watu wa kanisa walijaa sebuleni, mama Bamurange na kwaya yake, watoto kwenye ngazi. Kulikuwa na sambusa, samaki, keki ya kijani na njano. Aksanti amevaa shati la harusi la baba yake, mabega yamebana, na mbele yake kuna kalamu. Karatasi ya Beargrass ingekuja kwa simu, akatia sahihi, tukapiga vigelegele.

Saa tatu. Saa nne. Kwaya waliimba nyimbo tatu, wakarudia ya kwanza. Saa tano simu ikalia kidogo, mtoto akaisoma, akaigeuza kifudifudi juu ya kitambaa.

"Ni nini?" Karoli aliuliza.

Mtoto aliinua simu akampa, na Karoli, ambaye Kiingereza chake hunyooka kwa mambo ya Beargrass, alisoma mwenyewe. Mistari miwili. Wamechukua njia nyingine kwa nafasi ile. Wanamtakia kila la heri. Hata jina walikosea, waliandika Aksantu.

Karoli alipiga simu mara sita, amesimama uani bila koti, na kila mara ilimjibu mashine. Ndani watu walianza kuchukua viatu vyao mmoja mmoja. Hakuna aliyekata keki. Nsimire hakulia mbele ya wageni. Aliikunja ile nguo ya meza na kalamu ikiwa ndani, sambusa ziko pembeni, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. Nilikaa nje ya mlango huo nikiona aibu kwa mambo yote ambayo sikuyasema garini.

Jumatatu yake Karoli alikwenda kazini na kofia yake, kwa sababu baridi haimsikilizi mtu aliyevunjika moyo. Mzee wa foklifti alikuwa ameleta maandazi ya Kimarekani, boksi zima, kwa bohari zima. Orodha ya Beargrass ilikuwa imejaa! Wachezaji kumi na mmoja katika wiki mbili, wengine wamehama kutoka vyuo vikubwa, na watatu ni wa mstari wa mbele. Kocha alikuwa sahihi. Alikuwa anasubiri wakubwa waanguke mtini. Tulihangaika bure, alimwambia Karoli, na kumshikisha andazi.

"Ukafanyaje?" nilimwuliza.

"Nikala," alisema.

"Ulikula?"

"Alikuwa amefurahi sana, Kostansia."

Siku tatu sikumsemesha. Nilimpikia, nikamfulia, sikumsemesha. Halafu nikamsemesha, na ilikuwa vibaya zaidi. Nilimwambia kwamba huko ndiko kunakoitwa kuchagua kwa makini: unawaweka kina Aksanti mamia wasubiri kwenye jua, ukishapata unachotaka unawaambia kila la heri. Nilimwambia kwamba yeye na wenzake walipokuwa wanalia orodha ni fupi, ufupi wenyewe ulikuwa ni mtoto wetu anayewekwa akiba. Niliitaka ile chupa ya rafuni niitupe, naye akaiondoa kabla yangu, sijui aliiweka wapi.

Jovini alikwenda Black Rock kwa miguu, kwenye theluji, kumwona yule kocha mzee. Alipokewa vizuri. Nafasi ilishatolewa Oktoba. Aksanti anaweza kuja kujaribu bahati yake kama kijana wa kawaida, lakini bila kusomeshwa. Basi hakwenda. Tangu Januari Aksanti, akitoka shule, anapanga vitu kwenye rafu za duka moja kubwa huko Reynoldsburg, na Juni akimaliza masomo wameahidi kumpa saa nyingi zaidi. Mama yake ananiambia mpira hautaji. Uuguzi nao hautaji.

Pasaka walikuja Louisville. Sikutegemea. Bisimwa alivaa suti, akaingia, akasalimia kila mtu kwa mpangilio, akakaa. Nsimire alinishika mkono. Aksanti alibaki garini, alisema anataka kulala. Tulikula, tukazungumza habari za mvua na za Bukavu, jinsi vita inavyowatesa ndugu zao. Kisha Bisimwa akatoa kwenye mfuko wa koti chupa ya kinywaji cha njano. Mpya, haijafunguliwa. Akaisimamisha mezani mbele ya Karoli, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Papa Aline," alisema, "weye njo mwenye ulitufundisha. Kama bwana harusi anageuza roho, pombe inarudi. Na inarudiaka kwa mushenga. Bon. Hii hapa. Rudishia benyewe."

Hakupandisha sauti. Angetukana ningefurahi. Karoli aliitazama ile chupa, akaishika kwa mikono miwili kama alivyopewa. Nilimsikia akisema, "Nimepokea." Waliondoka kabla ya chai, na huenda ndiyo mara ya mwisho wamekanyaga kwetu.

Mshenga aliyerudishiwa kinywaji hawezi kukaa nacho nyumbani. Ni mkosi, na ni aibu. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, Beargrass walikuwa na mazoezi ya wazi, mashabiki wanaruhusiwa kuingia kuwaona wale wachezaji wapya. Karoli alivaa shati la kanisani. Kofia aliiacha. Nikamwambia nakwenda naye. Sikumwamini peke yake, na kusema kweli nilitaka kuona.

Uwanja ulikuwa umejaa kijani na njano. Ndani spika zilikuwa zinaita majina ya wale wachezaji wapya, na kila jina watu walinguruma. Mzee wa foklifti alitupungia kutoka upande wa ndani wa uzio, njoo, njoo! Karoli hakumwona, au alijifanya hakumwona. Alikwenda moja kwa moja getini kwa mlinzi, mtoto wa watu tu, jasho linamtoka ndani ya fulana nzito ya njano, na Karoli alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili.

"Ni ya kocha," Karoli alimwambia kwa Kiingereza. "Wa mstari wa mbele. Mwambie inatoka nyumbani kwa Aksanti. Mwambie tumerudisha."

Mlinzi alisema vinywaji vya nje haviingii. Inywe hapa au itupe pipani.

"Siwezi kuinywa. Siwezi kuitupa," alisema Karoli. "Ipokee wewe. Wewe ni wa kwao."

Mlinzi alimtazama, akanitazama mimi, akatazama foleni nyuma yetu. Kisha uso wake ukafunguka. Akaipokea, akasema asante sana mzee, umeniokoa na hili jua. Akafungua kizibo hapo hapo, akageuza chupa, akanywa yote bila kupumua, akaitupa tupu pipani.

Karoli alirudi nyuma hatua moja. Mikono yake ilikuwa bado imekaa kama inashika kitu, na macho yake, sitayasahau, yalikuwa na matumaini. Baada ya yote yale.

"Amekunywa," aliniambia. "Kostansia, umeona? Mtu wao amekunywa."

"Alikuwa na kiu, Karoli," nilimwambia. "Kama wewe."